Ngoma Tuliyoiacha Nje

Mhadhara kwa vijana na wazee wa kanisa, Moshi



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya Mkristo na mambo ya dunia. Nilipoisoma nilicheka, kwa sababu najua kwa nini mmenichagua mimi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeongoza kwaya zaidi ya miaka thelathini, na mnatarajia nije niwaambie vijana wazime Bongo Fleva. Naona wazee wameshakaa mkao wa kuitikia amina, na vijana wameshakaa mkao wa kuvumilia. Naomba nyote mlegeze kidogo.

Nianze na ngoma. Miaka ya sabini mwishoni nilikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu katika usharika mmoja wa mlimani. Tulitunga wimbo wa sikukuu ya mavuno, na mwenzetu mmoja akaja na ngoma ya babu yake, gogo la mringaringa lililochimbwa kwa mkono, ngozi ya ng'ombe juu. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na ngozi imelegea, kwa hiyo tukaikaza kwa moto wa majani makavu ya migomba nyuma ya jiko la mchungaji, mpaka ikaanza kujibu kidole. Tulipofika mlango wa kanisa, mzee mmoja wa kanisa akanyoosha mkono akashika mwimo wa upande wa pili, mlango ukawa umefungwa kwa mkono wake. Akasema: "Hiyo imepigwa kwenye mbege." Hakuwa mwongo. Tukaiacha chini ya mparachichi, tukaingia kuimba. Katikati ya mahubiri mvua ikanyesha.

Miaka kumi hivi baadaye usharika uleule ulinunua kinanda cha umeme. Kilikuwa na vitufe vya midundo, na kimoja kilikuwa kimeandikwa kabisa: rumba. Mpiga kinanda alikuwa anakipenda hicho. Mzee yuleyule, Mungu amrehemu, alikuwa akitikisa kichwa kwa raha kwenye benchi la mbele. Hakuna aliyeuliza rumba imepigwa wapi kabla ya kufika kwetu.

Sisemi haya kumcheka. Mzee yule aliijua ile ngoma kuliko mimi. Alijua nani aliipiga, usiku gani, na nini kilifuata alfajiri. Alilinda kanisa kwa swali alilofundishwa: kitu hiki kimetoka wapi? Kikitoka kwetu kilikuwa cha shetani mpaka kithibitishwe, na kikitoka ng'ambo kilikuwa cha kanisa mpaka mtu alalamike. Mimi nina mashaka na swali lenyewe. Nadhani limetufanya tukae macho kwenye mlango mmoja huku nyumba ikiibiwa kupitia uani.

Wakristo wa Korintho walikuwa na swali kama letu, ila lao lilikuwa la tumbo. Katika mji wa Kiyunani nyama nyingi iliyofika buchani ilikuwa imepitia kwanza hekaluni. Mkristo anunue? Paulo anatumia karibu sura tatu za waraka wake wa kwanza kulijibu, na ukisoma haraka utadhani anajipinga. Nyama ya sokoni anawaruhusu wanunue bila kudadisi. Jirani asiyeamini akikualika, na wewe unataka kwenda, kula kilichowekwa mbele yako. Lakini mtu akikwambia kwamba hii ni ya sanamu, iache, kwa ajili ya dhamiri yake huyo aliyekwambia. Na kwenye meza ya sanamu yenyewe, hekaluni, usiketi kabisa.

Angalieni jambo moja hapo. Ng'ombe ni yuleyule. Paja lake liko buchani, kifua kiko kwa jirani, na maini yako hekaluni. Paulo haulizi mnofu ulikotoka. Anauliza umekaa kwenye meza ya nani, na nani yuko pembeni yako, na kula kwako kunamfanya nini.

Wengi wetu tumeliishi jibu hilo bila kulisoma. Kwa desturi ya Tanzania, ng'ombe wa harusi au wa msiba huchinjwa na Mwislamu ili watu wote wale. Mama yangu alikuwa mama wa kanisa wa kufa na kuzikana, lakini asubuhi ya Krismasi alikuwa ananituma nyumba ya pili kumwita baba yake Hamisi aje achinje jogoo. Hamisi na ndugu zake ndio tungekula nao mchana. Mama hakuwa na somo la theolojia juu ya jambo hilo. Alikuwa na majirani. Ndiyo maana mwaka 2013 tulishtuka nchi nzima, ugomvi wa nani achinje nyama ulipofika Buseresere, mkoani Geita, ukamwaga damu ya mchungaji. Kitu ambacho kina mama walikuwa wamekimaliza jikoni kwa miaka mingi kiligeuzwa kuwa uwanja wa vita.

Na kama tungeuliza kila kitu kimetoka wapi, mhadhara huu ningeutoa kwa ishara. Sala, dhambi, imani, nabii, malaika, hata Injili: maneno hayo yalituingia kwa njia ya Kiarabu, yakakaa vinywani mwa Waislamu wa pwani karne nyingi kabla ya sisi kuyaimba. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliketi na kadhi wa mji amsaidie. Sijui kadhi huyo alikuwa anawaza nini jioni alipokuwa anarudi nyumbani. Ila sisi tunasali kwa maneno ya mezani pake.

Majina ndiyo yananifurahisha zaidi. Vizazi viwili vya wabatizaji walikataa majina ya ukoo kwa kuwa ni ya kipagani, wakatupa Dionisi na Apolo. Mwenye jina la Dionisi amebeba mungu wa Kiyunani wa mvinyo, na Apolo ni mungu mzima, hakupunguzwa kitu! Paulo alikuwa na mtumishi mwenzake, Epafrodito, ambaye ndani ya jina lake amelala Afrodite, na hatusomi popote kwamba alimbadilishia. Wazee wetu wa hapa mlimani na wa kule Upareni walikuwa na akili kuliko waliowabatiza. Walichukua El wa Kiebrania wakamwozesha lugha ya mama, wakapata kina Elinami na Eliakunda na Aikaeli. Hapakuwa na kamati iliyoketi kuamua hilo. Ni watu waliokuwa wanampenda Mungu na wanampenda bibi yao kwa wakati mmoja.

Tena tunasema "watu wa mataifa" kama vile ni wale walioko nje ya ukuta. Someni Matendo ya Mitume polepole. Sisi tuliomo humu ndani ndio mataifa. Tuliingia kwa sababu mkutano wa Yerusalemu uliamua tusitwishwe utamaduni wa wenyeji kabla ya kukaribishwa.

Sasa twende Masasi, maana huko kuna watu waliojaribu jambo gumu na ningependa tukae nao kidogo. William Vincent Lucas, mmisionari wa misioni ya Kianglikana ya UMCA, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, aliwakuta waumini Wayao na Wamakua wakiwa katika mtego. Jando lilikuwa ndiyo shule, ndiyo cheti, ndiyo kibali cha kuoa na cha kusema mbele za watu. Mtoto wa Kikristo asiyekwenda kumbini alibaki mtoto hata akiota mvi. Akienda, alikuwa anafundishwa mambo ambayo kanisa halikuyakubali, na akirudi anawekwa chini ya nidhamu. Wazazi walikuwa wanawapeleka watoto kwa siri, kisha Jumapili wanaketi kanisani na uso wa mtu asiyejua kitu.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza misioni ilifanya uamuzi ambao wamisionari wengi wa siku zile waliuona wa hatari. Jando likabaki. Wavulana wakaendelea kwenda porini, kutahiriwa, kufundishwa na watu wazima na kurudi kwa shangwe. Yaliyopingana na imani yakaondolewa, sala na mafundisho ya Kikristo yakaingia. Siku ya kutoka kumbini mtoto alikuwa mwanamume mbele ya kijiji na mbele ya madhabahu kwa mara moja.

Vitabu vinamsifu Lucas, na anastahili. Lakini fikirini kidogo: Mwingereza angejuaje ni wimbo gani wa kumbini ni fumbo la adabu na upi ni matusi matupu? Ni mapadri Waafrika na wazee wa vijiji, waliokuwa wamepita kumbini wenyewe, waliokaa na kuuchambua wimbo mmoja baada ya mwingine, hatua kwa hatua. Na ushahidi wa hilo ni unyago. Kwa wasichana mambo hayakwenda vizuri hata kidogo kama kwa wavulana. Unyago ulikuwa mikononi mwa makungwi, na makungwi hawakuwa wanaketi kwenye vikao vya mapadri. Huwezi kuchuja maji ya mtungi ambao hujaruhusiwa kuushika.

Hapa kwetu tulikuwa na Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni zawadi za Mungu, na kwamba Injili haihitaji kuzivunja ili isimame. Nampenda kwa hilo. Mpaka leo mtu akija kwako na jani la sale kuomba msamaha, unajua wewe kama mimi kwamba huwezi kumfukuza, na sijapata kumsikia mchungaji akisema sale ni la kipagani. Lakini wapo waliomlaumu Gutmann, nami naona walikuwa na hoja. Wakati yeye anawasihi Wachaga wabaki Wachaga, Wachaga wenyewe walikuwa wanapanda kahawa na kutafuta shule. Mgeni anaweza kuipenda mila yako mpaka akakufungia ndani yake.

Upande wa pili uko Kenya, mwaka 1929. Misioni ya Waskoti na wenzao waliwataka Wakikuyu waumini watie dole gumba kwenye karatasi kwamba wameachana na ukeketaji wa wasichana. Karatasi hiyo watu waliiita kirore. Waumini kwa maelfu waliondoka, nyimbo za kuwakejeli wamisionari zikaimbwa vijijini, shule huru zikaanzishwa. Mimi naamini misioni ilikuwa sahihi juu ya jambo lenyewe. Kisu kile kilikuwa kinaumiza na kuua wasichana, na leo wajukuu wa walioondoka wengi wanasema hivyohivyo. Lakini walidai alama ya dole gumba kwa watu waliokuwa wamenyang'anywa ardhi juzi, na karatasi ya Mzungu ilikuwa inanuka ardhi hiyo. Ukweli ukiletwa na mkono ulionyang'anya, mtu hukataa vyote viwili.

Nimezunguka huko kote ili nifike Nyange, nchini Rwanda.

Rwanda ndiko moto wa Uamsho ulikowaka, Gahini, miaka ya thelathini, ukavuka mpaka Uganda, Kenya na hapa kwetu Bukoba. Waliookoka waliacha pombe, waliacha ngoma, waliungama dhambi hadharani, walijuana kwa wimbo wao na kwa kukumbatiana. Kufikia mwaka 1994 Wanyarwanda walio wengi sana walikuwa wamebatizwa. Mwezi wa nne mwaka huo watu walikimbilia makanisani, kama wazazi wao walivyofanya katika machafuko ya zamani na kupona. Safari hii makanisa yenyewe yakawa machinjio: Ntarama, Nyamata, na kwenye parokia ya Nyange tingatinga liliangusha jengo juu ya watu waliojificha ndani. Padri aliyekuwa anahudumu hapo alihukumiwa na Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa hapa jirani, Arusha, na rufaa ilipoamuliwa mwaka 2008 kifungo chake kikawa cha maisha.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mzee na mkono wake mlangoni. Nchi nzima ilikuwa na mabawabu kama yeye. Pombe ilikaguliwa, na ngoma na mavazi vilevile. Lakini kile kitambulisho kilichoandikwa Mhutu au Mtutsi kilipita mlangoni mfukoni mwa kila mtu, kikaketi kwenye benchi, kikapokea Meza ya Bwana, na hakuna aliyekiita mambo ya dunia.

Miaka mitatu baadaye, Machi 1997, palepale Nyange, watu wenye silaha waliingia usiku katika shule ya sekondari wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, wengine wakafa hapohapo. Sina habari vijana hao walikuwa wanasikiliza miziki gani. Naona haya hata kuliwaza swali hilo.

Na ili tusiwaonee watu wa Uamsho: Kenya, wakati wa Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo na wakauawa kwa hilo. Wengi wa hao walikataa pia bunduki za serikali. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti. Hao walikuwa wanajua meza ni nini.

Turudi nyumbani, kwenye harusi, maana naona baadhi yenu mmeanza kuinamia viatu. Kijana wa usharika anaoa. Kamati inaundwa, mwenyekiti ni mzee wa kanisa, mweka hazina ni mama wa kwaya. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, na kila asubuhi orodha inatumwa: nani ameahidi, nani amelipa, nani bado. Kadi ya mtu mmoja ina bei yake, ya wawili ina yake. Kinafunguliwa kikao kwa sala na kufungwa kwa sala. Hakuna bia, nakubali, na mshereheshaji ni mwinjilisti. Basi tunasema hii ni harusi ya Kikristo.

Mwaka juzi nilisimama kwenye lango la ukumbi katika harusi kama hiyo, namngoja mke wangu aliyekuwa anaegesha gari. Akaja mama mmoja, kitenge kimepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, ameshika kuku mzima aliyefungwa miguu kwa ukamba wa mgomba. Alikuwa shangazi wa bwana harusi, wa damu. Hakuwa na kadi. Kijana wa mlangoni, wa idara yetu ya vijana, alimwambia kwa upole sana: "Shikamoo mama. Samahani, bila kadi siwezi." Yule mama hakubishana. Alimpa kijana yule kuku, akamwomba amfikishie bibi harusi, akageuka kwenda kutafuta daladala. Nilimkimbilia, na aliingia. Lakini niliingia naye nikiwa na kadi yangu mfukoni, na chakula hakikushuka.

Katika waraka uleule wa Korintho, Paulo akitoka kwenye nyama za sanamu anaingia kwenye meza ya kanisa lenyewe, na hapo ndipo anapokasirika kweli. Wenye nacho walikuwa wanawahi, wanakula na kulewa, maskini wakifika wanakuta sahani tupu. Juu ya nyama ya hekaluni alivumilia sura tatu za "inategemea". Juu ya meza hii hategemezi kitu. Anawaambia wazi kwamba wanachokula si chakula cha Bwana hata kidogo.

Mababa wa kanisa walizoea kusema kwamba tunaruhusiwa kuchukua yaliyo mema ya wapagani, kama Waisraeli walivyotoka na dhahabu ya Misri. Mtakatifu Agostino aliliandika hilo vizuri sana. Ila dhahabu ileile, pete za masikioni zilezile, ndiyo iliyoyeyushwa kuwa ndama. Baadaye iliyobaki ilipamba hema ya kukutania. Dhahabu haikuwa na kosa mara zote mbili, na wala Misri.

Sasa niseme la kwangu, maana nimewasema wengine vya kutosha. Mwaka mmoja nilipokuwa bado kazini niliitwa kwenye semina ya siku tano. Tulikaa siku mbili. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, ina safu tano, nami nikatia sahihi safu zote tano. Jirani yangu hakuwa na kalamu, nikamwazima yangu. Tulicheka. Jumapili hiyohiyo nilimtoa binti mmoja kwenye mstari wa kwaya kwa sababu alikuwa amesuka mtindo niliouona wa kidunia. Alilia. Na posho ile, ndugu zangu, niliitolea fungu la kumi, nikaandikiwa risiti na muhuri wa usharika.

Ndiyo maana siku hizi nikimsoma Danieli namsoma tofauti. Tukiwa Shule ya Jumapili tulifundishwa juu ya simba. Hatukuambiwa kwamba kijana huyu alikubali mambo ambayo baraza letu la wazee lingemfukuzia. Alisoma shule ya Babeli miaka mitatu, lugha yao, vitabu vyao. Alipewa jina la Belteshaza akaliitikia, na mwenzake akaitwa Abednego, yaani mtumishi wa Nebo, mungu wa watu wale. Alifanya kazi kwenye serikali iliyochoma hekalu la kwao. Alikataa chakula cha mezani kwa mfalme, na wachambuzi wamebishana sana kwa nini. Mimi nadhani alijua kwamba anayekula kwa mfalme kila siku, siku moja ataambiwa alipe. Halafu miaka mingi baadaye wenzake wa kazini walipotaka kumwangusha, walianza na mafaili. Walipekua utumishi wake wote wasipate kosa, ikabidi wamtafutie kesi kwenye sala zake. Wangepekua ya kwangu, wangemaliza kazi asubuhi: safu tatu.

Nimalizie na kijana mmoja ambaye habari zake ndizo hasa zilizofanya nikubali mwaliko huu. Ni mpiga kinanda wa usharika, na Jumamosi usiku hupiga na bendi kwenye hoteli moja mjini. Ana mke na mtoto, na kanisa halimlipi kitu. Baraza la wazee lilimwita, likampa achague. Akauliza kama ni hoteli ileile ambapo kamati ya ujenzi ilifanyia chakula chake cha harambee. Swali hilo halikumsaidia. Alitengwa na Meza ya Bwana, kinanda kikabaki na kitambaa cha kudarizi juu yake miezi mitatu, tukaimba bila.

Mimi nilikwenda kumsikiliza. Nilivaa koti, nikaagiza soda, nikakaa karibu na jukwaa ambapo angeniona. Alipiga rumba, vizuri kuliko kile kitufe chetu. Kama saa tano usiku mteja mmoja aliyekwisha lewa alikwenda kwenye kinanda, akalaza noti ya elfu kumi juu ya funguo zake, akamwambia apige wimbo fulani, na akamtaja kwa sauti dada mmoja mhudumu ambaye wimbo ule ungemlenga. Meza zilicheka. Dada yule alikuwa amesimama na trei, macho chini. Kijana aliichukua noti kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwewe kitu, akamrudishia. Akasema: "Huo sina, kaka," akapiga mwingine, wa haraka, na mlevi yule akaanza kuucheza akasahau. Dada akapita na trei yake.

Niliwasimulia wazee hayo kwenye kikao. Mmoja aliniuliza mimi nilikuwa nafanya nini hotelini saa tano ya usiku. Mwingine, ambaye hasemi sana, aliuliza kama tunaweza kwenda wawili wawili kwa zamu, ili kijana asikae kule peke yake. Jambo hilo liko mezani bado. Kuna wanaouliza soda zitalipwa na nani.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Tupokee maswali. Tuanze na yule baba wa nyuma kabisa; mkono wake uko juu tangu nilipotaja posho.